Mchoro Ukiwa Bado wa Penseli: Njia za Baiskeli kati ya Kariakoo na Posta



Naomba jioni hii tusafiri pamoja safari ya kilomita kama mbili. Tunaanzia Kariakoo, hapa Dar es Salaam, pale Mtaa wa Uhuru unapokutana na Msimbazi, saa moja asubuhi. Mbele yetu yuko kijana mwenye guta la kupiga pedeli, la magurudumu matatu, limesheheni majora ya vitenge na maboksi ya sahani. Anafuata Uhuru, anavuka Lumumba, anapita Mnazi Mmoja, anavuka Bibi Titi Mohamed, anafika Mnara wa Saa, anaingia Samora, anamalizia Posta, kwenye Sanamu ya Askari. Njiani anapishana na watu watatu. Wa kwanza ni muuza madafu. Baiskeli yake imejaa madafu pande zote hata hawezi kuipanda. Anaikokota tu, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye mzigo. Wa pili ni mchuuzi wa samaki anayetoka soko la Feri, tenga limefungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu, anawahi wateja kabla jua halijawa kali. Wa tatu ni mama mwenye ulemavu wa miguu, anaendesha kwa mikono baiskeli yake ya magurudumu matatu.

Watu hao wanne nitawarejea mpaka mwisho wa mhadhara huu, kwa sababu wao ndio kipimo changu. Kila ninapoonyeshwa mchoro wa njia ya baiskeli katikati ya jiji letu, nauliza swali moja: hawa wanne watapita?

Na neno langu kwenu ni moja pia. Njia ya baiskeli hapa Posta na Kariakoo itafaa ikiwa watu hao walipimwa na kuulizwa wakati mchoro ukiwa bado wa penseli. Mchoro ukishapigwa wino, mkandarasi akishasaini, kikao kinachoitwa cha maoni kinakuwa kikao cha taarifa. Watu huja, husikia, husaini karatasi ya mahudhurio, hurudi walikotoka, na nguzo inasimikwa palepale ilipokuwa imechorwa.

Kilomita mbili zilizochanwa

Safari hii ni fupi kwa miguu, lakini haikuumbwa iwe rahisi. Mitaa ya Kariakoo ilipimwa kwa mistari iliyonyooka mwishoni mwa utawala wa Wajerumani. Waingereza walipouteka mji huu Septemba 1916, eneo hilo likawa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikalifinyanga jina hilo likawa Kariakoo. Soko lililo maarufu kuliko yote nchini linaitwa kwa watu waliobeba mizigo ya vita kichwani na mabegani.

Baadaye ukanda wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi. Wakoloni walitaka nafasi tupu kati ya makazi ya Waafrika upande wa Kariakoo na mitaa ya Wahindi na Wazungu upande wa bandari. Mwafrika aliuvuka asubuhi kwenda kufanya kazi na kuuvuka jioni kurudi kulala. Mji ukakua ukiwa na pengo kifuani.

Leo hakuna sheria inayomzuia mtu kuvuka Mnazi Mmoja. Lakini anayevuka kwa miguu au kwa baiskeli bado analiona pengo lile. Kwanza Lumumba, kisha Bibi Titi Mohamed na mkondo wake wa magari, kisha mzunguko wa Mnara wa Saa ambako barabara kadhaa zinamwaga magari mahali pamoja. Mwenye gari analivuka pengo hilo bila kulihisi. Mwenye guta anashuka, anasubiri, anasukuma, anakimbia. Ndiyo maana nasema njia ya baiskeli itakayotoka Kariakoo na kuvuka Mnazi Mmoja bila kukatika itakuwa imeshona kitambaa kilichochanwa kwa makusudi.

Tulichokwisha kupata

Shukrani itangulie lawama. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani, kwenye mtandao wa kilomita kama 21, hayakuleta mabasi peke yake. Michoro ya awamu ile ya kwanza ilikuwa na njia ya waenda kwa miguu na njia ya baiskeli kando ya barabara, jambo lililokuwa adimu kwenye barabara zetu kubwa. Nyuma ya jambo hilo kulikuwa na watu. Umoja wa Waendesha Baiskeli Dar es Salaam, UWABA, ulikuwa ukiandaa misafara ya baiskeli barabarani kudai njia salama, na wanachama wake wakabisha hodi kwenye ofisi za wapanga mipango. Mwaka 2018 jiji letu likapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu, la kwanza barani Afrika kuipata. Tulistahili kufurahi.

Lakini anayetoka Magomeni kwa baiskeli kuja mjini anajua kwamba njia yake hupotea pale anapoihitaji zaidi. Kwenye sehemu iliyonyooka, isiyo na hatari kubwa, ipo. Akikaribia makutano, akikaribia kituo, akikaribia kona ya maduka, inaishia kwenye ukingo, au kwenye nguzo ya umeme, au kwenye bodaboda zilizoegeshwa zikisubiri abiria. Anajikuta ama kati ya magari ama katikati ya watu wanaotembea, na kote huko anaonekana mkosaji.

Na ujenzi wa mwendokasi katikati ya jiji huja kwa awamu. Awamu ya tatu inatoka mjini hadi Gongo la Mboto kwa Barabara ya Nyerere, ikigusa sehemu ya Mtaa wa Uhuru. Awamu ya nne inatoka Maktaba, inapita Ali Hassan Mwinyi na Bagamoyo hadi Tegeta. Zote zinaufikia mji huuhuu. Kila awamu inapoingia hapa inafukua lami, inahamisha mifereji, inapanga upya kingo. Kila ufukuaji ni nafasi ya kurekebisha; tukiipitisha kimya, lami ikishakauka itatuchukua miaka mingine mingi kuipata tena.

Upana

Nianze na upana, kwa kuwa humo ndimo jiji linapoonyesha lilimhesabu nani.

Baiskeli tupu yenye mtu mmoja inahitaji kama mita moja ili ipite bila kugusa kitu. Wasanifu wa barabara hupendekeza mita 2 za wazi kwa njia ya uelekeo mmoja, ili mwenye haraka ampite mwenye pole, na mita 3 kwa njia ya pande mbili. Za wazi maana yake ni baada ya kutoa nguzo, miti, mabango na mitaro. Hapo ndipo vipimo hudanganya: mchoro unaandika mita 2, lakini ndani yake kuna nguzo ya taa, na kinachobaki ni upenyo.

Sasa mlete kijana wa guta. Mzigo wake unatokeza pembeni kuliko magurudumu; peke yake anakula mita moja na zaidi. Mlete muuza madafu, ambaye anatembea pembeni ya baiskeli yake, kwa hiyo upana wake ni wa baiskeli, madafu na mwili wa mtu. Katika njia ya mita moja na nusu hao wawili hawapishani. Mmoja atashuka barabarani kwenye magari, na atakayeshuka ni aliyebeba mzigo mzito zaidi, kwa sababu hawezi kusimama na kuanza upya kwa urahisi.

Mara nyingi picha inayopambwa kwenye mabango ya miradi ni ya kijana mwenye kofia ngumu na mkoba mdogo mgongoni. Huyo tunamtaka naye, na aongezeke. Lakini uzito wa baiskeli katika Kariakoo ni wa kazi. Baiskeli hapa ni lori la maskini, ni duka linalotembea, ni miguu ya asiyeweza kutembea. Tukiipimia njia kwa baiskeli ya kwenye picha, tutakuwa tumewajengea wachache na kuwaacha wengi palepale walipokuwa.

Makutano

Jambo la pili ni makutano. Sisi tunaendesha kushoto, na mwendesha baiskeli hukaa kushoto kabisa mwa barabara. Kwa hiyo hatari yake kubwa kwenye makutano ni gari linalokata kona kwenda kushoto. Dereva anatazama kulia, anakotegemea magari. Baiskeli iko kushoto kwake, kwenye upande ambao kioo hakimwonyeshi vizuri. Kona ikiwa pana na ya mviringo mkubwa, gari halipunguzi mwendo. Lori la Fuso likikata kona hivyo, gurudumu la nyuma hupita ndani zaidi kuliko la mbele, na huko ndiko mchuuzi wa samaki aliko.

Dawa yake inajulikana na haihitaji teknolojia ya ajabu. Kona ibanwe ili gari lilazimike kwenda taratibu. Kivuko kiinuliwe kiwe sawa na njia ya miguu, ili dereva ahisi kwamba yeye ndiye anayeingia kwenye nafasi ya wenzake. Mstari wa kusimama wa baiskeli uwe mbele ya mstari wa magari, ili taa inapowaka kijani anayeonekana kwanza awe mwenye baiskeli. Na mwendo upungue. Sheria yetu inaruhusu kilomita 50 kwa saa maeneo ya makazi na mijini. Lakini mtu anayegongwa na gari lililo kwenye 30 kwa kawaida huinuka akiwa hai, na kwa 50 nafasi hiyo hupungua sana. Katika mitaa iliyojaa watu kama Uhuru na Msimbazi, sioni sababu ya gari kufika hata hiyo 50.

Chini ya gurudumu

Jambo la tatu ni uso wa njia, na hapa ndipo wahandisi wetu wanapaswa kumsikiliza fundi baiskeli wa kijiweni. Huyo anajua kila shimo la mji kwa kuangalia rimu zilizopinda zinazoletwa kwake. Atawaambia kwamba mfuniko wa mtaro wenye vyuma vilivyolala kufuata uelekeo wa njia humeza tairi la baiskeli, na kwamba vyuma hivyo vikilazwa kukatisha njia tatizo linaisha. Atawaambia kwamba mfuniko wa chuma hauishi muda mrefu, kwa sababu huibwa ukauzwa kama chuma chakavu, na kwamba wa zege hudumu. Atawaambia pia ni wapi maji ya masika hutuama mpaka njia ya baiskeli ikawa mtaro.

Tukumbuke tunaishi mji gani. Masika yanapokuja, Bonde la Msimbazi pale Jangwani hufurika hata mabasi husimama. Njia iliyojengwa chini ya usawa wa barabara bila kutolewa maji itatumika miezi ya kiangazi tu. Na kiangazi nacho kina jua lake. Mti wa kivuli kando ya njia ni sehemu ya barabara kama lami ilivyo. Mama anayeendesha kwa mikono kutoka Gerezani hadi hospitali hapimi safari yake kwa kilomita. Anaipima kwa vivuli anavyoweza kupumzikia.

Na kwa kuwa nimemtaja mama huyu, niseme na la asiyeona. Njia ya baiskeli na njia ya miguu zikitenganishwa kwa rangi tu, fimbo nyeupe haiijui rangi. Panahitajika ukingo mfupi au vitofali vyenye vinundu ambavyo fimbo na nyayo zitavihisi. Lakini ukingo huohuo ukiwa mrefu mno unamzuia mwenye kiti cha magurudumu. Mkubwa gani wa ofisini anaweza kuchagua urefu sahihi akiwa peke yake? Waiteni wote wawili, mweke vitofali chini, wajaribu, mpime. Hilo ni suala la saa moja tu likifanywa kabla, na la kubomoa zege likifanywa baada.

Nani mkazi wa Posta?

Sasa nije kwenye kiini. Kisheria, sisi si taifa lisilojua kushirikisha. Ibara ya 146 ya Katiba yetu inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini na wananchi washirikishwe. Ipo Sheria ya Mipango Miji ya 2007, na ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Tuna mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, diwani, kamati ya maendeleo ya kata. Ngazi zipo.

Lakini ngazi hizo zimejengwa juu ya neno mkazi, na mkazi ni mtu anayelala mahali. Katika Posta na Kariakoo, wengi wanaozitumia barabara hawalali hapa. Kijana wa guta analala Mbagala. Muuza madafu anatoka pembezoni mwa mji. Mchuuzi wa samaki yuko Buguruni. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, kisheria wao si wa mtaa ule; na huko wanakolala, barabara inayojadiliwa si yao. Kwa hiyo watu wanaotumia mtaa huu saa kumi na mbili kwa siku hawana kikao ambacho ni chao. Sidhani kuna aliyekusudia iwe hivyo. Lakini ndivyo ilivyo, na mradi unaoitisha wakazi peke yao utakuwa umefuata utaratibu na kuwakosa wahusika.

Kisha kuna saa. Kikao cha saa nne asubuhi siku ya kazi, ukumbini, kinamwomba mtu anayeishi kwa kipato cha siku aache kipato cha siku. Hatakuja. Wanaokuja ni walio na mishahara, na hao wana maoni mazuri, lakini ni ya upande mmoja. Na kuna lugha: michoro mingi huandikwa kwa Kiingereza na kwa alama za kihandisi, ikaonyeshwa ukutani kwa dakika chache. Mtu mzima anaona haya kusema haelewi, anapiga makofi, na makofi yanaandikwa kwenye ripoti kuwa ni ridhaa.

Wazee wetu walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Barabara usiyoipita na mzigo hujui mashimo yake. Maoni ya watu wa guta ni utaalamu, na utaalamu unapaswa kufuatwa ulipo.

Ndiyo maana napendekeza tuanze na chokaa. Fundi wa nyumba anapotaka kuonyesha msingi, hamwonyeshi mwenye nyumba karatasi. Anachora ardhini kwa chokaa, mwenye nyumba anaingia, anasimama palipo sebule, anasema hapa padogo. Tufanye hivyo kwenye Mtaa wa Uhuru. Jumapili moja asubuhi, magari yakiwa machache, wahandisi wachore njia kwa chokaa kwa vipimo vyake halisi, waweke mapipa mahali pa nguzo, kisha waalike maguta, mikokoteni, baiskeli za walemavu, mama lishe na watoto wa shule wapite. Ndani ya saa mbili watajua mambo ambayo vikao kumi vya ukumbini havitawapa. Mwenye guta hatahitaji kusoma mchoro. Ataupita, na pale atakapokwama, kila mtu ataona.

Majirani na mbali

Hatuko peke yetu. Nairobi ilipitisha mwaka 2015 sera ya usafiri usiotumia injini, inayotaka asilimia 20 ya bajeti ya usafiri iende kwa waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Miaka michache baadaye mitaa ya katikati kama Kenyatta Avenue ikatengenezwa na kuwekewa njia za baiskeli. Ilikuwa hatua ya maana. Lakini aliyezipita njia hizo aliona pikipiki na biashara ndogondogo zikizijaza upesi. Sera ilikuwa nzuri na zege lilikuwa zuri. Kilichokosekana ni makubaliano na watu wa pikipiki na wauzaji kuhusu mahali pao wenyewe. Usipompa mtu mahali, atachukua palipo wazi, na njia ya baiskeli huwa ndiyo palipo wazi.

Uholanzi, ambayo leo tunaitazama kama nchi iliyozaliwa na baiskeli, ilifikia hali mbaya sana. Mwaka 1971 watu kama 3,300 walikufa barabarani huko, na zaidi ya 400 walikuwa watoto. Wazazi wakaingia mitaani kudai watoto wao wasiuawe. Njia wanazojivunia leo zilitokana na kilio cha wananchi walioikataa barabara waliyopewa.

Na mfano wa tatu ni wetu wenyewe. Mpango wa SARSAI wa shirika la Amend ulianza na watoto wa shule wa hapa Dar es Salaam. Wataalamu wake waliuliza kwanza watoto wanaumia wapi wakienda shule, kisha wakaweka matuta, vivuko, njia za miguu na nguzo fupi palepale. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya WRI Ross ya miji, ikizishinda kazi za kutoka pande nyingi za dunia. Kwa hiyo wasituambie kwamba kuanza na watumiaji ni anasa ya nchi tajiri. Ulimwengu umetupa tuzo kwa jambo hilohilo, katika mji huuhuu.

Hofu ya mwenye duka

Wapo wanaonipinga, nao nawaheshimu. Mwenye duka wa Kariakoo anauliza mzigo wake utashukia wapi. Mteja wake ametoka Lubumbashi au Lusaka, anataka mzigo ufungwe leo uondoke leo. Ukimwekea njia ya baiskeli mlangoni ukamwondolea nafasi ya kupakia, umemfungia duka.

Hofu hii ina haki, na jibu lake halipatikani kwa kumwambia aipende baiskeli. Jibu ni kukaa naye na kupanga sehemu za kupakia na kushusha katika kila mtaa, na saa zake, na kuzichora kwenye mchoro uleule wa njia ya baiskeli. Pia tumkumbushe kwa upole kwamba sehemu kubwa ya mzigo wake kutoka dukani hadi kwenye lori hupita kwenye guta na mkokoteni. Njia nzuri ya guta ni njia ya mzigo wake. Ni wachache waliowahi kumweleza hivyo, kwa sababu mara nyingi mradi huja kwake na neno baiskeli, naye huona picha ya mtu anayefanya mazoezi.

Tunajua pia kwamba Kariakoo ikisema, inasikika. Mei 2023 wafanyabiashara walipofunga maduka, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikuja kuwasikiliza pale Mnazi Mmoja. Uwanja uleule uliowahi kuwatenga watu ukawa mahali pa kusikilizana. Ninachoomba ni kwamba kusikiliza kuje kabla maduka hayajafungwa, na kwamba anayesikilizwa awe pia yule ambaye hana duka la kufunga.

Na wamachinga, ambao mwaka 2021 walipangwa upya na kuondolewa kwenye njia za miguu? Wengi wamerudi, kwa kuwa wateja wako kwenye njia. Njia ya baiskeli isiyowapa nafasi karibu na wateja itakuwa njia ya vita ya kila asubuhi kati yao na mgambo, na atakayekosa pa kupita katika vita hiyo ni mwendesha baiskeli.

Ninachoomba

Nifupishe maombi yangu. Mchoro wa kila njia itakayopita Posta na Kariakoo ubandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi za mitaa, vituoni, na kwenye vijiwe vya maguta, kabla zabuni haijatangazwa. Maoni yachukuliwe kijiweni, saa za alfajiri na jioni, na chokaa ichorwe barabarani. Kisha mradi urudi kwa watu na orodha ya wazi: mlisema hili, tumelibadilisha, mlisema lile, tumeshindwa, na sababu ni hii. Mtu anayejibiwa hapana kwa sababu huja tena kwenye kikao kijacho. Asiyejibiwa kabisa haji tena.

La mwisho, na awepo mmoja wa kuulizwa. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS, mitaa ya mjini iko chini ya TARURA tangu 2017, njia za mabasi ziko chini ya DART, usafi na wafanyabiashara wadogo wako chini ya Jiji, mifuniko ya maji na nguzo za umeme ni za wengine tena. Kilomita zetu mbili zinapita mikononi mwa wote hao. Kila mmoja anaweza kufanya kazi yake vizuri na njia ikakatika mpakani. Tunaomba meza moja, yenye mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuhakikisha njia haikatiki.

Ndugu zangu, tumefika mwisho wa safari. Kijana wa guta amesimama chini ya Sanamu ya Askari, anafuta jasho. Sanamu hiyo ilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana katika vita vya kwanza vya dunia. Mkisogea mkasoma maandishi yaliyo chini yake, mtaona kwamba wapagazi nao wametajwa, wale waliobeba mizigo ya jeshi. Tumetoka kwenye soko lenye jina la wapagazi, tumefika kwenye shaba inayowakumbuka wapagazi, na anayetuongoza njia nzima amebeba mzigo.

Wale wa mwanzo hakuna aliyewauliza njia. Walikumbukwa baada ya kufa. Huyu yu hai, yuko mbele yetu, na mchoro wake bado unaweza kufutwa na kuchorwa upya. Tumuulize.